Nilizima swapu kabisa, na hapo ndipo kompyuta ilipoganda

Kompyuta yangu ya mezani ilinitesa kwa miezi. Ina RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka, na swapu ya GB 2, yaani sehemu ya diski ya kuisaidia RAM ikijaa, niliyoitenga siku ya kusakinisha Linux nikaisahau. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika alasiri, vichupo vya kivinjari vimeshapita ishirini na kihariri cha picha kiko wazi, kishale kinaanza kurukaruka, taa ya diski inawaka tu, nami nimeshika kipanya nasubiri.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: shusha swappiness, namba inayoongoza matumizi ya swapu, iwe 10. Wengine walinieleza kwa uhakika kabisa kwamba 60, namba inayokuja na kerneli (kiini cha Linux), maana yake swapu huanza kutumika RAM inapobaki asilimia 60. Si kweli, na linaniudhi kwa sababu nililiamini. Namba ile haihesabu asilimia ya RAM. Kumbukumbu inapokaribia kujaa, kerneli ina njia mbili za kupata nafasi: kupeleka data ya programu kwenye swapu, au kutupa kurasa za mafaili, yaani vipande vya mafaili vilivyo kwenye RAM, ambazo itaweza kuzisoma tena kutoka kwenye diski. Swappiness inaiambia ielemee upande upi. Ingekuwa asilimia ingeishia 100, lakini tangu kerneli ya 5.8 ya mwaka 2020 inafika 200.

Nikaweka 10. Nafuu kidogo, kisha mateso yakarudi. Ndipo nikapewa ushauri wa pili: zima swapu yote, diski itapumzika. Uliniingia akilini. Nikaandika `sudo swapoff -a`, nikangoja kwa muda, maana kila kilichokuwa kwenye swapu lazima kirudi kwanza kwenye RAM. Siku mbili nilifurahi kweli.

Siku ya tatu nilifungua picha kubwa huku kivinjari kimejaa, na skrini ikaganda. Saa ya pembeni ikasimama. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3 nihamie kwenye teminali, hakuna kitu. Kilichonishangaza ni taa ya diski: iliwaka mfululizo, kali kuliko siku zote. Diski inasoma nini, na swapu haipo? Nikakaa pale karibu dakika ishirini nikiitazama. Mwisho nikakumbuka Alt+SysRq+F, ambayo nilikuwa nimeiruhusu zamani kwenye mipangilio. Inaiamuru kerneli iue programu moja inayokula kumbukumbu nyingi. Ikaua kipande cha kivinjari, na kompyuta ikazinduka palepale.

Jibu nililipata baada ya kusoma sana, na natamani ningeambiwa mapema. Msimbo wa programu zenyewe nao ni kurasa za mafaili. Swapu isipokuwepo, data ya programu haina pa kwenda, kwa hiyo kerneli inatupa msimbo wa programu zinazoendelea kukimbia. Sekunde hiyohiyo programu inauhitaji, unasomwa tena kutoka kwenye diski, na ili upate nafasi unatupwa msimbo wa programu nyingine. Huo ndio mzunguko uliokuwa unawasha ile taa.

Kabla ya kugusa namba yoyote tena, nikajifunza kupima. Swapu kuonekana imetumika si ugonjwa. Data isiyoguswa tangu asubuhi inaweza kulala humo bila kumsumbua mtu. Endesha `vmstat 1` uangalie safu za si na so, yaani kinachosomwa kutoka kwenye swapu na kinachoandikwa humo. Zikiwa sifuri, swapu imetulia. Zangu, swapu ya diski ikiwa imewashwa, zilikuwa na maelfu kila sekunde. Na kwenye `free -h` soma safu ya available, yaani kumbukumbu ambayo programu zinaweza kuipata. Ile ya free huwa ndogo hata kwenye mashine yenye afya.

Dawa yangu ikawa zram, swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, data ikiwa imebanwa. Iko kwenye kerneli tangu 3.14 ya mwaka 2014, na Fedora wanaiwasha wenyewe tangu toleo la 33. Nikatengeneza ya GB 4 kwa zstd, njia mojawapo ya kubana data. Hizo GB 4 hazichukuliwi mara moja. Nafasi huliwa kadiri data inavyoingia. Swapu ya diski nimeirudisha pia, ila kipaumbele cha zram ni 100, juu ya cha diski, kwa hiyo diski inangoja nyuma.

Jioni nzima ilipotea bado, kwa sababu `zramctl` ilionyesha zram karibu tupu hata nikijaza RAM makusudi. Kumbe zswap, kifaa kingine cha kerneli kinachobana data ya swapu ndani ya RAM, ilikuwa imewashwa na mfumo wangu tangu mwanzo, inasimama mbele na kuzidaka kurasa kabla hazijafika. Nikaizima kwa `zswap.enabled=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Safari hii zram ikajaa: data ya GB 2.1 ikakaa kwenye MB 620. Niliitazama namba hiyo mara tatu.

Swappiness nimeweka 180. Kwa zram hiyo ni sawa, kwani kufungua kilichobanwa ni haraka mno kuliko kusoma diski; mwenye swapu ya diski peke yake asiiguse namba hiyo. `vm.page-cluster` nimeweka 0. Ikiwa 3, kama inavyokuja, swapu husoma kurasa nane kwa mkupuo, jambo lililosaidia diski ya kuzunguka, lakini kwenye zram saba zinaweza kufunguliwa bure. Vyote viko kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, maana nilivyoviweka kwa `sysctl -w` vilifutika nilipowasha upya.

RAM mpya niliyoambiwa ninunue sikuinunua. Leo alasiri nina vichupo thelathini na moja, kihariri kiko wazi, na swapu ya diski imetumika MB 40.