Pointi ya Mombo

Pointi, yaani pale njia ya reli inapogawanyika kuwa mbili, ya upande wa Tanga kwenye stesheni ya Mombo ilikuwa imezikwa. Udongo wa masika ya miaka mingi, nyasi, maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki vilishikamana mpaka usawa wa kichwa cha reli. Ukisimama barazani ungeapa kwamba pale pana njia moja. Zilikuwa mbili, na Februari 2019 tulipelekwa kuirudisha ya pili.

Njia ya pili ndiyo stesheni yenyewe. Reli ya Tanga ni ya njia moja. Treni ikitoka Korogwe na nyingine ikishuka kutoka Same, lazima zikute mahali pa kupishana. Jengo likiwa na paa zuri namna gani, bila njia ya kupishania ni kituo cha daladala tu.

Na Mombo haikuwa kituo cha daladala. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha na serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe walifika 1902, Mombo 1905: kilomita 129 kutoka baharini. Hapo wakatulia. Buiko haikufikiwa hadi 1909, kwa hiyo kwa miaka minne hivi huu ndio ulikuwa mwisho wa reli, na mzigo wa milima ya Lushoto ukateremkia hapa. Moshi ikafuata 1911, Arusha 1929, na 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha njia hii na Reli ya Kati. Kisha barabara ya lami na mabasi. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1990, za mizigo zikafifia baadaye, na baraza la stesheni likawa kivuli cha bodaboda.

Tulikuwa tisa: mabeleshi matano, sururu mbili, mitalimbo minne, spana ndefu mbili, jeki moja na dumu la lita 20 la dizeli iliyochanganywa na oili chafu. Siku mbili za kwanza ni kufukua tu. Unachimba katikati ya taruma na taruma, zile nguzo za kulalia reli, unavuta udongo nje ya njia, wala huurushi pembeni ya reli, maana mvua ya kwanza itaurudisha. Mataruma ya chuma yalikuwa mazima kuliko tulivyotegemea. Kilichokufa ni viungio.

Kiungio, pale ncha za reli mbili zinapokutana, ni fishipleti mbili (vibao vya chuma vya kuzishika ncha hizo) na boliti nne, na katikati pengo dogo la makusudi. Reli ya mita 10 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 3.5. Pengo likijaa mchanga na fishipleti zikashikwa na kutu, urefu huo hauna pa kwenda. Reli ishirini zilizoshikana hivyo ni sentimita saba zinazotafuta njia ya kutokea, na njia rahisi ni ubavuni.

Hilo tulilijua kwa maneno. Siku ya tatu, saa saba mchana, tukafungua kiungio kilichokuwa kimelowekwa dizeli tangu jana yake. Boliti ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne haikungoja spana. Ilikatika kwa mlio kama wa bunduki, ncha ya reli ikaruka pembeni upana wa vidole vinne, na mtalimbo uliokuwa umeegemezwa pale ukatupwa hadi kwenye majani. Mguu wa mtu haukuwa njiani; hiyo ilikuwa bahati, si ustadi.

Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja, mstaafu wa gangi ya kutengeneza reli. Tulimwamkia asubuhi, akaitikia na kunyamaza. Sasa akasogea.

"Reli haifunguliwi mchana, wanangu. Mchana inasukuma."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Mngoje ipoe. Mnataka kushindana na jua?"

Tulijaribu kushindana hata hivyo, kwa jeki, na matundu ya boliti yalikataa katakata kukutana. Saa kumi na mbili jioni yalikutana kwa mtalimbo mmoja na watu wawili. Kuanzia kesho yake viungio vilifunguliwa alfajiri tu: loweka jioni, gonga fishipleti asubuhi, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka grisi, rudisha, kaza boliti za katikati kwanza. Usikaze mpaka mwisho wa nguvu zako. Kiungio kilichokazwa kupita kiasi hakina tofauti na kilichoota kutu.

Pointi tuliiacha mwisho. Geji, kipimo cha upana wa njia, ilitakiwa isome milimita 1000 kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Mahali pamoja ilisoma 1012, tukabana upya. Ulimi, kipande cha reli kinachosogea kugeuza njia, ukaanza kucheza baada ya kusafisha bapa zote unazotelezea. Jaribio lake ni rahisi: weka kipande cha chuma cha milimita 5 kati ya ulimi na reli mama, ile isiyosogea, kisha vuta wenzo. Ukijifunga, pointi ni mbovu, kwa sababu ukingo wa gurudumu unaweza kupenya kwenye mwanya kama huo. Wetu ulikataa kujifunga, vizuri. Tukaondoa kipande, tukavuta tena. Ukakataa tena.

Nyapara akataka tulegeze fimbo ya kuunganisha ndimi. Mzee akapiga magoti, akapitisha kidole nyuma ya ulimi, akatoa punje ya kokoto isiyozidi kunde. Wenzo akauvuta mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Julai mwaka huo treni ya mizigo ilikwenda Moshi, Desemba ikaja ya abiria. Lakini jioni ile kulikuwa na toroli yetu tu, ikisukumwa kuingia njia ya pili na kurudi, mara tatu. Kisha wenzo ukatiwa kufuli. Stesheni masta alikuwa bado hajaletwa, hivyo ufunguo ulikwenda Korogwe kwenye mfuko wa nyapara.