Kichwa cha Shilingi 60,000

Ni aibu kidogo kwa mtu apendaye treni kukiri kwamba alikwenda Mwanza kwa basi, lakini likizo ya mwalimu ina siku zake na treni ya reli ya kati ina siku zake, na safari hii siku hizo hazikukutana. Nilikaa usiku kucha kwenye kiti kilichogoma kuegemea, ilhali nilikuwa nimelipia nauli ya kiti kinachoegemea, na kuhusu njia yote hiyo kutoka Morogoro sina la ziada ila kwamba goti langu la kulia linaikumbuka.

Nilikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuiona MV Umoja ikipakia mabehewa katika bandari ya Mwanza Kusini, jambo ambalo nimelitamani tangu nilipofahamu, nikiwa kijana, kwamba kuna meli yenye reli ndani yake. La pili lilikuwa kumtembelea mzee mmoja wa Igogo, fundi mstaafu wa vichwa vya treni, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukitumiana kwa simu picha za treni zetu ndogo za mfano, zile tunazoziendesha nyumbani juu ya ubao, bila kuonana uso kwa uso. Watu wenye uraibu huu nchini ni wachache kiasi kwamba ukimpata mmoja humwachii, hata kama yuko ng'ambo ya pili ya nchi.

Nyumba ya wageni niliyofikia ilinitoza shilingi 35,000 kwa usiku, feni ikiwa ukutani na kitufe cha feni kikiwa hakipo. Kwa kuwa mzee alikuwa ameniambia nisifike kwake kabla ya alasiri, nilikwenda kuzurura katika soko moja la mitumba, na hapo ndipo pesa yangu iliponiponyoka.

Mitumba ya midoli huja katika marobota pamoja na nguo, na mwenye jicho la uraibu hupitisha mkono ndani ya rundo la magari yaliyovunjika na wanasesere wasio na nywele akitafuta kitu kimoja tu. Mkono wangu ulikutana na uzito usio wa plastiki. Nilipoutoa, nilikuwa nimeshika kichwa cha treni ya mvuke, cheusi, chenye magurudumu sita, mwili wake ukiwa wa chuma cha kumimina, na chini yake limeandikwa jina ambalo kila mwenye kucheza na treni ndogo amelisoma: Märklin. Ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza kuuza treni zake za kuchezea mwaka 1891. Nilijitahidi kutobadilisha uso, lakini nadhani nilichelewa, kwa sababu muuzaji alisema shilingi 80,000 bila kupepesa macho.

Nikamwuliza kama kinafanya kazi. Kijana yule hakujibu kwa maneno. Aliivuta pikipiki iliyokuwa imeegeshwa jirani, akafungua kiti, akachukua vipande viwili vya waya kutoka kwenye betri ya volti 12, akagusa kimoja kwenye gurudumu na kingine kwenye kipande kirefu cha chuma kilichokuwa tumboni mwa kichwa, na magurudumu yakazunguka kwa mlio wa cherehani. Watu watatu waliokuwa wakichagua suruali walishangilia. Nilimshusha hadi 60,000, nikakifunga kichwa changu ndani ya fulana na kuondoka kama mtu aliyeiba. Ninafundisha fizikia kwa miaka kumi na sita sasa, na naomba msomaji ayakumbuke maelezo haya ya waya mbili na mahali zilipogusa.

Nyumba ya mzee iko juu ya kilima, katikati ya mawe makubwa yale ambayo mgeni wa Mwanza hudhani yataporomoka usiku huohuo. Alinipokea kwa kunitazama miguu yangu iliyojaa vumbi na kusema, "Karibu, mwalimu, umepanda kama treni ya kokoto." Kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, chai ikiwa bado haijaletwa, kwa sababu wazee wa aina hii huanza na jambo lenyewe.

Ubao wake, ndivyo anavyouita, una urefu wa mita tatu na nusu. Upande mmoja kuna ziwa, lililotengenezwa kwa mbao laini iliyopakwa rangi ya kijani iliyokolea na kisha vanishi juu yake, safu kwa safu kwa muda wa miezi miwili, hata ukiinama unaona kina. Ufukweni kuna dagaa walioanikwa, nao ni karatasi ya fedha ya pakiti za sigara iliyokatwa vipande vidogo kuliko punje ya ulezi. Majani ni unga wa msumeno uliotiwa rangi. Mabehewa ni makopo ya maziwa ya unga yaliyokunjuliwa, yakapigwa msasa na kukunjwa upya, na mota za vichwa zimetoka ndani ya mashine za kuchapia zilizokufa. Bati, waya na lehemu hununua kwa mafundi na wachuuzi wa mjini kati, pale Makoroboi. Duka la treni ndogo hakuna, na aliponisikia nikilalamika kuhusu hilo, aliniuliza duka la nini wakati kuna makopo.

Reli zenyewe ndizo pekee alizozipata tayari, kutoka kwenye seti za mitumba, na upana wake ni milimita 16.5. Hapa ndipo mzee alinipiga chenga ya kwanza. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa reli za upana huo ni 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, nami ndicho ninachotumia nyumbani, kwa sababu ukigawanya reli ya milimita 1,435, ile ya Ulaya, kwa 87 unapata karibu milimita 16.5. Lakini reli yetu ya zamani, iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ina upana wa mita moja. Mzee aligawanya 1,000 kwa 16.5, akapata kama 60, na kila kitu kwenye ubao wake kimejengwa kwa 1 kwa 60: behewa la mita 12 lina sentimita 20, na mwanamke anayeanika dagaa hafiki sentimita tatu. "Wewe umeweka reli ya Ulaya," aliniambia, bila ubaya wowote, "halafu unaiita ya kwetu."

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa naufikiria ubao wangu. Uko stoo, juu ya gunia la mchele, na una kijiji kizima nilichoagiza kwa gharama ambayo mke wangu haijui mpaka leo: kanisa lenye mnara mrefu, duka la mikate, na nyumba zenye paa zilizoinuka wima ili theluji iteremke. Theluji, Morogoro. Dirishani kwangu naona milima ya Uluguru, asubuhi nasikia garimoshi la dizeli likivuta mizigo, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR hupita ikielekea Dodoma bila kelele yoyote ila upepo wake. Na mimi, ninapofunga mlango wa stoo, najikuta katika kijiji ambacho sijawahi kukanyaga.

Ili kuondoa ukimya huo nilitoa fulana na kukifungua kichwa changu. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akatikisa kichwa chake mwenyewe kwa heshima. Nikamwomba tukijaribu. Alisita, nakumbuka vizuri kwamba alisita na kuanza kukigeuza, lakini nilikuwa na haraka ya mtoto; nilikichukua mkononi mwake nikakiweka relini mbele ya stesheni yake, na mimi mwenyewe nikazungusha kitasa cha mwendo.

Hakikusogea. Nikaongeza. Kukatoka mlio mdogo kama wa njugu ikipasuka, kisha harufu ile ambayo kila mwalimu wa fizikia anaijua, na moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye kisanduku cha kuongozea mwendo alichokiunda kwa mikono yake. Taa za stesheni, zote nne, zilizimika.

Mzee hakusema neno. Alichomoa plagi ukutani, akakiinua kichwa, akakilaza chali kama kuku anayetafutwa utitiri, na kuweka kidole kwenye kile kipande kirefu cha chuma cha tumboni. "Hii ni nini, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu wote kwa pamoja. Katika treni ndogo tunazotumia sisi, umeme huingia kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, ndiyo maana magurudumu ya kushoto na ya kulia hutenganishwa kwa plastiki. Märklin wana njia yao: umeme huja kwa vitufe vidogo vilivyo katikati ya mataruma, kichwa huunyonya kwa hicho chuma cha tumboni, kisha unarudi kwa reli zote mbili, na kwa hiyo magurudumu yao hayana haja ya kutenganishwa. Ukikiweka kichwa cha namna hiyo kwenye reli zetu, umeziunganisha reli mbili kwa msumari. Ni shoti tupu. Na yule kijana wa pikipiki alikuwa amenionyesha hayo waziwazi, waya mmoja gurudumuni, mwingine tumboni. Hakunidanganya hata kidogo. Aliuza kitu kizima, na mnunuzi mwenye shahada ndiye hakutazama.

Tulishuka mjini kabla maduka hayajafungwa. Transista iliyoungua iligharimu shilingi 2,500, bodaboda kwenda na kurudi zikatugharimu zaidi ya transista, na saa tatu usiku mzee alikuwa ameinama na chuma cha kulehemu huku mimi nikimshikia tochi ya simu, adhabu niliyoiona ndogo. Taa za stesheni zilipowaka tena, mke wake, ambaye muda wote alikuwa mlangoni, alisema, "Sasa mle basi," na tukala sato aliyekwisha kupoa.

Meli niliiona siku ya tatu asubuhi, kutoka juu ya mawe, kwa kuwa bandarini mgeni haingii ovyo na mzee alinionya nisichezee kamera karibu na lango. Na kwa kweli juu ya mawe ni pazuri zaidi. Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wake alitusalimu, "Mwangaluka," mzee akamjibu, kisha tukakaa. MV Umoja ilikuwa imegeuza tako lake kwenye gati, na mabehewa yakawa yanasukumwa taratibu kuvuka daraja na kuingia tumboni mwake, kichwa kikibaki nchi kavu. Mzee alinionyesha jambo ambalo kwenye picha nisingeling'amua: hawajazi njia ya upande mmoja hadi mwisho, huingiza upande huu, kisha upande ule, la sivyo meli italala. Kila behewa likiingia, meli nzima hushuka kidogo sana, na ukiitazama rangi iliyopo kwenye mstari wa maji unaiona ikizama.

Alisema jambo hili liliwezekana kwa sababu reli ya Kenya, ya Uganda na ya kwetu zilikuwa na upana uleule wa mita moja, hivyo behewa liliweza kushuka Port Bell, upande wa Uganda, na kuendelea na safari kama vile ziwa halikuwepo. Alizungumza kuhusu shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, kama mtu anavyozungumza kuhusu mirathi iliyogawanywa vibaya. Nilimwuliza kuhusu SGR inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishana, kama ataiweka kwenye ubao. Alifikiri sana. Akasema reli ya milimita 1,435 kwa kipimo chake ingehitaji karibu milimita 24, na hana mitumba ya upana huo, ila akipata atabomoa ukuta wa chumba cha wageni. Mke wake hakuwepo kuyasikia hayo.

Siku ya nne sikumbuki tulifanya nini zaidi ya kukaa kwenye kivuko cha reli cha Mkuyuni tukingoja treni ya mizigo iliyochelewa saa mbili na nusu, na kula mahindi ya kuchoma ya shilingi 500 moja, bei ambayo Morogoro ingezua ugomvi.

Kichwa changu nilimwachia. Hakitatembea kwake wala kwangu bila kubadilishiwa magurudumu. Kabla sijaaga alikuwa amekwisha kukipakia vumbi la matofali kuwa kutu na kukiweka kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote, nyuma ya karakana ya ubao wake, majani ya unga wa msumeno yakiwa yamefika nusu ya magurudumu. Kwa jicho la 1 kwa 60 ni kidogo mno, lakini alisema vichwa vya kusogezea mabehewa uani vilikuwa vidogo hivyohivyo.

Mimi niliokota vipande vya mawe kwenye njia ya kushukia kwake, vyekundu na vya kijivu, nikajaza mfuko wa kilo tano. Stendi, kondakta aliuinua, akaufungua, akanitazama.

"Mzee, haya ni mawe."

Nikamwambia najua.

"Mzigo huu shilingi 5,000. Kwani Morogoro hakuna mawe?"

Nililipa. Mpaka tunapita Shinyanga nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa, na wakati huohuo nikihesabu vidoleni ni nyumba ngapi za theluji nitakazozing'oa ili stesheni ya Morogoro ipate pa kukaa.