Mwenyekiti na Muhuri Wake

Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kijiweni kwetu Simba na Yanga wamepata mpinzani: mwenyekiti wa mtaa.

Fundi cherehani wetu anamtetea. Anasema huyu angalau anahudhuria misiba, tena anabeba jeneza, si kama yule wa zamani aliyetuma rambirambi. Mama muuza vitumbua hataki kusikia. Alifuata barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, akaambiwa "achangie wino". Wino gani huo wa shilingi elfu tano? Risiti hakupewa.

"Mama yangu, wenyeviti hawana mshahara," fundi akajibu.

"Nani alimlazimisha kuchukua fomu?"

Hapo kahawa ilimwagika kwa kicheko.

Vijana wana lao. Wanasema yote ni matunda ya kukosa upinzani. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa mitaa, huku Chadema ikilalamika wagombea wake wengi wameenguliwa. Hoja nzito, ingawa wawili kati ya vijana hao najua hawakujiandikisha hata kupiga kura. (Mmoja atanisoma hapa. Shikamoo yake.)

Mimi la misiba namshukuru, la chama simuulizi. Ninachotaka ni mkutano wa mtaa, mapato na matumizi yasomwe mbele yetu, pamoja na hela ya taka tunayotoa nyumba kwa nyumba. Jumamosi naenda ofisini kwake kuuliza tarehe. Mama vitumbua amesema tunaongozana.