Baba Mkubwa na Tamthilia ya Nabii Yusuf

Kwa mama wa jirani, pale Ujiji, luninga ilikaa juu ya kabati la vyombo. Saa ya tamthilia ya Nabii Yusuf ikifika, sebule inajaa mpaka watoto wanakalia kizingiti. Yeye Mkatoliki, sisi Waislamu, na kisa ni chetu sote. Tamthilia yenyewe ilitoka Iran, sehemu 45 zilizoongozwa na Farajollah Salahshoor, ikaanza kuonyeshwa huko mwaka 2008. Kwetu ilifika baadaye, imeingizwa sauti za Kiswahili.

Usiku ninaoukumbuka ni ule wa milango. Mke wa bwana mkubwa anafunga milango, na Yusuf yumo ndani: kijana, mtumwa wa kununuliwa, yuko ugenini, hana baba wala ndugu wa kumwona. Hapo hapo baba mkubwa akabisha hodi.

Tulinyamaza wote. Baba mkubwa alisomesha madrasa, na msimamo wake tuliujua: hakuna mwigizaji anayestahili kujifanya Nabii. Wala hakuwa peke yake, maana wanazuoni wengi wa Kisunni, pamoja na wale wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, wanalikataza jambo hilo. Tukamwamkia, akaitikia. Mama wa jirani akanyoosha mkono ili azime.

"Acha, mama. Sikuja kuzima kitu nyumbani kwako. Nimefuata watoto."

Lakini hakutuita. Aligeukia nje, akaipa luninga mgongo, akaegemea mlango, akabaki amesimama vivyo hivyo. Yusuf alipojikinga kwa Mwenyezi Mungu, baba mkubwa akaisoma aya ya 23 ya Sura Yusuf kwa Kiarabu, taratibu, mpaka mwisho. Hakuna aliyenung'unika kwamba hasikii. Mama wa jirani akaitikia kwa maneno ya Mwanzo 39: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?"

"Kwenu vazi linabaki mkononi mwa yule mwanamke," baba mkubwa akasema, bado anatazama nje. "Kwetu kanzu inachanika kwa nyuma, na huko kuchanika kwa nyuma ndiko kunakoonyesha kwamba alikuwa anakimbia."

"Na bado wakamfunga, shehe."

"Wakamfunga. Naye mwenyewe alishaomba: Mola wangu, gereza linapendeza zaidi kwangu kuliko haya wanayoniitia."

Nilikuwa nimezoea mawaidha ya utii yanayokimbilia kiti cha enzi cha Misri, kana kwamba Yusuf alikuwa amekiona tangu mle chumbani. Hakukiona. Alichokuwa nacho ni mlango uliofungwa na Mungu wake, basi. Na mimi utii huo niliuona mara mbili usiku ule, kwa sababu nyuma yangu alisimama mtu mzima aliyekitamani kisa kile kama sisi, wala hakugeuza shingo. Angeweza kutuondoa, au kukaa akatazama. Hakufanya lolote kati ya hayo, na nampenda kwa hilo mpaka leo.

Tangu hapo akawa anakuja mwenyewe. Anaweka kigoda nje, chini ya dirisha, upande wa mwembe, anasikiliza kutoka huko. Siku akichelewa kutoka msikitini, tunasikia sauti yake kabla hata hajaketi:

"Wale wafungwa wawili wameshamweleza ndoto zao?"