Nilivyojifunza Upya Kusikia Kiingereza Katika Jiji la Lugha Nyingi

Miezi michache baada ya kuhamia katika jiji hili, ambalo wakazi wake wametoka pande zote za dunia, nililetewa fomu ya sensa yenye swali la kiwango changu cha kuzungumza Kiingereza. Majibu yalikuwa manne: vizuri sana, vizuri, si vizuri, sizungumzi kabisa. Nilitia alama kwenye jibu la kwanza bila kusita, kwa kuwa nilisomeshwa kwa lugha hiyo tangu sekondari na nilikuwa nikisoma magazeti yake kila siku. Swali la namna hiyo liliingizwa katika sensa ya Marekani mwaka 1980 na katika ile ya England na Wales mwaka 2011, na kote huko mkazi hujipima mwenyewe au hupimwa na aliyeijaza fomu kwa niaba ya nyumba nzima.

Mwezi uliofuata nilipigiwa simu ya kupangiwa miadi ya matibabu. Niliambiwa saa nne na dakika kumi na tano. Mimi nilisikia saa nne na dakika hamsini. Nilipofika, nafasi yangu alikuwa amepewa mgonjwa mwingine, nami nikasubiri majuma sita mengine huku nikiumwa. Kilichonisumbua zaidi ya maumivu ni kwamba, wakati simu ile inakatwa, sikuwa na shaka hata kidogo kuwa nimesikia sawasawa.

Nilijiandikisha katika darasa la jioni la Kiingereza kwa wageni, na kabla ya kupangiwa kundi nikapewa mtihani wa ngazi zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ambazo huanzia A1 na kuishia C2. Katika kusoma nilipata B2, ngazi ambayo wengi huihesabu kuwa inatosha kwa masomo na kazi za ofisini. Katika kusikiliza nilipata A2. Nilidhani wamekosea. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba stadi hizo hupimwa kila moja peke yake kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na ngazi tofauti katika kila stadi, na kwamba sisi tuliojifunza kwa vitabu mara nyingi huwa na tofauti kubwa kama yangu.

Sababu yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Kiswahili kina irabu tano, kila silabi hutamkwa kwa ukamilifu, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina sauti za irabu zinazokaribia ishirini, mkazo wake huhama kutoka neno hadi neno, na silabi zisizo na mkazo hufifia mpaka zinabaki mguno mfupi tu. Neno ‘comfortable’, ambalo kwa macho nililijua tangu utotoni, hutamkwa na wengi kwa silabi tatu, wakati sikio langu lilikuwa likisubiri nne. Tofauti ya ‘fifteen’ na ‘fifty’ nayo inategemea sana mkazo: katika la kwanza, likitamkwa peke yake, mkazo huangukia mwishoni, na katika la pili huangukia mwanzoni. Mimi nilikuwa nikiisubiri ile ‘n’ ya mwisho, na ndiyo hasa inayomezwa kwenye simu.

Kilichonisaidia ni imla, zoezi ambalo wengi wetu tuliliacha shule ya msingi. Kila usiku nilichukua dakika mbili za taarifa ya habari iliyokuwa na maandishi yake, nikasikiliza bila kuyatazama, nikaandika kila neno, kisha nikalinganisha. Wiki za mwanzo nilikuwa nikiyakosa maneno madogo karibu yote, yale ya kuunganisha na ya kukanusha, ambayo ndiyo hubeba maana ya sentensi. Baada ya miezi minne yalianza kusikika. Kwenye simu nilijizoeza kurudia kila namba tarakimu moja moja, yaani moja, tano, badala ya kumi na tano, na sikuona tena aibu kumwomba mtu aseme upya.

Darasani nilikaa na bibi mmoja aliyezungumza Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano na Kiswahili, naye akiwa ngazi ya A1. Katika sensa ya 2021 ya England na Wales watu wapatao 880,000 walihesabiwa kuwa hawazungumzi Kiingereza vizuri, na wengine 161,000 kuwa hawakizungumzi kabisa. Kila ninapoziona takwimu za aina hiyo humkumbuka yeye, kwa sababu hakuna aliyezungumza lugha nyingi kuliko yeye katika chumba kile. Alikuja kujifunza kwa sababu hospitalini mjukuu wake ndiye aliyekuwa mkalimani. “Mwanangu,” aliniambia, “mtoto wa miaka kumi asibebeshwe habari za maradhi ya bibi yake.”

Nilimfundisha imla kwa sentensi fupi za miadi tu: siku, saa, jina la daktari. Mapema mwaka huu simu yake iliita tukiwa mapumzikoni. Aliipokea mwenyewe, akasikiliza, akarudia polepole, “One, five?” Kisha akaandika saa ile kwenye kiganja chake.