Vitz kwenye theluji ya Buffalo

Naendesha Toyota Yaris, gari lile lile ambalo nyumbani tunaliita Vitz, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, ambako kwa wastani huanguka zaidi ya mita mbili za theluji kila msimu. Sina mpango wa kulibadilisha. Limenipeleka kazini usiku na kunirudisha alfajiri, na nalipenda kwa dhati.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaofika hapa, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, pamoja na sisi Watanzania na Wakenya wachache. Kila baridi inapokaribia naona jambo lile lile na linaniuma. Mtu ana miezi michache tu nchini, ndiyo kwanza ameanza kushika mshahara wa kiwandani, anaambiwa kwamba Buffalo bila gari kubwa la foo wili huwezi kuishi. Anapelekwa kwa muuza magari, anasainishwa mkopo wenye riba ya kutisha kwa karatasi asizozielewa, anatoka na ligari linalokunywa mafuta usiku na mchana. Ukienda kuangalia matairi, yamekwisha. Kichwa kizima cha familia kimeelekezwa kwenye ukubwa wa gari, na kile kitu kimoja kinachogusa barabara hakuna aliyekitazama.

Dada mmoja jirani yangu, Mkongo wa Uvira, alinisimamisha siku moja nikiwa nakwangua kioo. Akalizunguka gari langu, akatikisa kichwa. "Yaya," akaniita, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "haka kagari kataweza kweli?" Nikamwambia kanaweza, mdogo wangu, mradi ukijue kinachokafanya kaweze.

Kwanza ujue theluji yenyewe inatoka wapi. Buffalo tuko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwezi wa Novemba na Desemba maji ya ziwa bado yana joto yaliloliweka tangu kiangazi. Upepo mkavu wa baridi unakuja kwa urefu wa ziwa, unazoa joto na mvuke njia nzima, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kwetu. Unaumwaga kwa mkanda, na mkanda huo unaweza kuwa mwembamba wa kilomita chache tu. Novemba 2022, Orchard Park kusini mwa mji walipata karibu mita mbili kwa siku chache, huku vitongoji vya kaskazini vikipata sehemu ndogo tu ya hiyo. Nimewahi kutoka nyumbani jua linawaka, nikaingia kwenye mkanda nisione hata boneti yangu. Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko yale Maziwa Makuu yote matano ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo huganda mapema, na likishaganda dhoruba za namna hii hupungua. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kuogopa.

Kwa sababu hiyo, kabla sijashika ufunguo naangalia kwenye simu mkanda umelala wapi na unahamia wapi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kusini mwa mji. Njia fupi ni ile ya Skyway, barabara iliyoinuliwa juu kando ya ziwa, lakini upepo huipiga vibaya na mara nyingi huifunga. Hata ikiwa wazi, madaraja hushika barafu kabla ya barabara ya kawaida, maana baridi huyapata juu na chini. Napita South Park Avenue mpaka Lackawanna, polepole, kwenye taa na nyumba za watu. Nikikwama pale, kuna mlango wa kugonga.

Sasa matairi. Hapa nataka unisikilize vizuri. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi, na uso wake umejaa mikato midogo midogo ambayo hujaa theluji. Ile theluji iliyonasa ndani ndiyo inayoshikana na theluji ya barabarani. Pembeni mwa tairi tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S peke yake hazitoshi, zimebandikwa hata kwenye matairi ambayo hayajapita jaribio lolote la theluji. Nunua yote manne. Wapo wanaoweka mawili ya mbele kwa sababu Yaris inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukifanya hivyo, siku utakayoshika breki kwenye kona mbele itashika, nyuma itakuja kukupita.

Muuza magari hatakuambia hili: foo wili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kila gari, hata kagari kangu, lina breki kwenye magurudumu manne. Likishaanza kuteleza kuelekea taa nyekundu, huo mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote hauna kazi tena, na gari zito ndilo lenye nguvu zaidi ya kuendelea kwenda. Asubuhi za dhoruba naona magari makubwa yamelala mtaroni, na nadhani najua sababu: dereva aliondoka kwa urahisi, akaamini na kusimama kutakuwa rahisi vile vile.

Gari dogo lina mambo yake mazuri. Injini imekaa juu ya magurudumu yanayovuta, uzito uko pale unapotakiwa. Tairi lake ni jembamba, linaikata theluji na kuishia chini kwenye kitu kigumu, wakati tairi pana hupanda juu na kuelea. Ni jepesi, watu wawili wenye nia wanalisukuma. Ubaya wake ni tumbo. Kutoka ardhini mpaka chini ya Yaris ni sentimita 14 au 15 hivi. Theluji laini ikizidi hapo, gari linakalia tumbo, magurudumu yananing'inia, na hakuna tairi wala dereva atakayelitoa, ni koleo tu. Huo ndio mpaka wangu. Nikitoka mlangoni naingiza buti kwenye theluji ya barabarani. Ikifika juu ya kifundo cha mguu na greda la kuondoa theluji halijapita, nampigia msimamizi simu mapema, siendi.

Nimekulia Tukuyu, kwenye mvua na utelezi, na mjomba aliyenifundisha gari alinifundisha tope. Kwenye tope ukihisi gari linazama unakanyaga mafuta, tairi linazunguka kwa kasi na kutema udongo, linapata meno upya. Wengi wetu tumekuja na elimu hiyo mwilini, na hapa lazima uiweke chini. Tairi likizunguka bure juu ya theluji linaipasha joto, theluji inayeyuka kidogo, baridi inaigandisha tena, na ndani ya dakika moja umejitengenezea kioo chini ya kila gurudumu. Kwenye theluji unaomba kwa upole. Nyoosha usukani, ondoa theluji mbele na nyuma ya magurudumu yanayovuta, weka gia ndogo, gusa mafuta kidogo gari lisogee hata shubiri moja, liachie lirudi, gusa tena. Linabembea mbele na nyuma, kila safari linaongeza kidogo, mpaka linapanda. Kama haliendi, mwaga mchanga wa choo cha paka mbele ya tairi, ule wa chembe chembe usio wa kugandamana. Mfuko wake unakaa kwenye buti la gari langu majira yote ya baridi.

Asubuhi baada ya dhoruba kuna kazi moja ambayo utaichukia. Greda la mji linapita, linafungua barabara, na theluji yote linaisukuma mdomoni mwa njia ya kutokea nyumbani kwako. Ile si theluji tena. Ni mabonge ya kijivu, mazito kwa chumvi na maji, na yakikaa saa mbili yanakuwa mawe. Mimi naanza na bomba la moshi kabla ya kitu kingine chochote. Napiga magoti nyuma ya gari, nafukua kwa mikono yenye glovu kuzunguka bomba mpaka nione lami, halafu naingiza kidole kuhakikisha ndani hakuna donge. Bomba likiziba na injini ikawaka, moshi unarudi ndani ya gari, na ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu. Usimwache mtoto ndani apate joto huku wewe unachimba. Namrudia kila mama hapa mtaani neno hili, na sitaacha.

Nikimaliza bomba nakuja paani. Theluji yote ya paa ishuke, si ya kioo cha mbele tu, maana ukishika breki itateleza yote ije ikufunike usione kitu, au iruke kwenye kioo cha aliye nyuma yako. Kisha taa, mbele na nyuma. Kisha koleo kwenye mabonge, kidogo kidogo, kwa magoti na si kwa mgongo. Kabla ya kuingia nakaa kwenye kiti miguu ikiwa nje na kugonganisha buti, kwa sababu theluji ya kwenye soli ikiingia inakuwa barafu juu ya pedali ya breki.

Barabarani mambo ni machache: acha nafasi kubwa sana mbele yako, na usifanye vitu viwili kwa wakati mmoja. Punguza mwendo gari likiwa limenyooka, halafu ndipo ukate kona. Siku ukishika breki kwa nguvu, pedali itatetemeka chini ya mguu wako, itagonga na kusaga kama kitu kimevunjika. Hakijavunjika. Ni mfumo unaozuia magurudumu kufunga, unafanya kazi yake, na wewe kazi yako ni kuendelea kukanyaga. Nimewaona watu wakishtuka na kuachia, ndipo wanapogonga. Theluji ya kwanza ikianguka tafuta uwanja mtupu wa maegesho, omba ruhusa, ukanyage breki hadi uuzoee ule mtetemo. Nyuma ikianza kukukimbia, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na mikono ifuate macho.

Baridi ina madai mengine madogo. Betri dhaifu itakufia asubuhi ya kwanza ya nyuzi hasi 15, ipime mapema. Upepo wa matairi hupungua hewa ikipoa, angalia kila mwezi. Maji ya wipa yawe yale ya majira ya baridi, yale ya kiangazi yanaganda kiooni ukiwa kwenye mwendo. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Hiyo nusu tangi nina sababu nayo. Tarehe 23 Desemba 2022 ilikuja dhoruba ambayo hakuna gari, dogo wala kubwa, lililoiweza. Upepo ulipiga kwa vishindo vilivyozidi kilomita 100 kwa saa, na dhoruba haikuacha kwa siku nzima na zaidi. Katazo la kusafiri lilianza asubuhi hiyo, watu wengi wakiwa wamekwisha kutoka kwenda kazini. Magari ya zima moto yalikwama, magari ya wagonjwa yalikwama, magreda yenyewe yalikwama. Walikufa zaidi ya watu 40 katika eneo letu, baadhi ndani ya magari yao, baadhi njiani walipotoka kwenda kutafuta msaada kwa miguu, baadhi majumbani kwa sababu msaada haukufika. Mimi nilikuwa zamu. Tulilala na wazee wetu mpaka ikaisha, tukigawana vyakula vya jikoni na kubadilishana kulala.

Tangu hapo kwenye buti la Yaris kuna koleo fupi, blanketi mbili, mishumaa na kiberiti ndani ya kopo, maji, karanga, betri ya simu, waya za kuwashia betri ya gari, na kitambaa chekundu. Ukinaswa na dhoruba ya namna hiyo, kaa ndani ya gari. Nje huoni mkono wako, utapotea hatua chache kutoka mlangoni. Funga kitambaa chekundu kwenye antena. Washa injini dakika kumi hivi kwa kila saa, na kila kabla ya kuwasha shuka ukafukue bomba. Acha dirisha wazi upana wa kidole, upande usiopigwa na upepo.

Na likitangazwa katazo la kusafiri, usitoke. Wapo wasimamizi watakaokupigia simu wakisema zamu ni zamu. Mwambie kwa adabu kwamba kuendesha gari siku hiyo ni kosa la kisheria, na umwombe akuandikie kwa ujumbe kwamba anakutaka uje. Wengi hawaandiki. Ila kama kazi yako ni ya wagonjwa au wazee kama yangu, nenda mapema, siku moja kabla, na begi la nguo, ulale huko huko.

Matairi yangu ya theluji yako kwenye chumba cha chini, nimeyaosha. Nayafunga mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu theluji ya kwanza ikishaanguka foleni kwa mafundi inakuwa ya wiki nzima. Ndugu mgeni mwenye gari dogo asiyejua aanzie wapi, aje twende kwa fundi pamoja, nitamsaidia kusoma ukubwa wa tairi na kukataa atakachouziwa bila sababu.