Mita inasema 23,410

Land Rover Series III niliyokwenda kuitazama Pasiansi, Mwanza, nikitaka kuinunua, ilikuwa imepigwa rangi ya kijani mpaka unajiona uso. Mita ilisoma kilomita 23,410. Mzee mwenye gari, mvuvi mstaafu, alicheka kabla sijauliza.

"Hiyo usiiangalie, mwanangu. Mita yake ilikufa, nikafunga ya gari jingine."

Angalau hakunidanganya. Gari hizo zenyewe ziliacha kutengenezwa 1985. Mita yenye tarakimu tano ikifika 99,999 inaanza upya, nani atajua imezunguka mara ngapi?

Nilikuwa na sumaku mfukoni ya kuwindia puti, ile lipu ya kuzibia mabonde na kutu kwenye bodi. Fundi wangu wa Nyakato akaniangalia kama mtoto: bodi ya Land Rover ni alumini, sumaku hainasi hata pasipo na puti. Akachukua nyundo, akalala chini ya gari. Chuma ni chasisi, fremu iliyobeba gari, nayo huoza kuanzia ndani, tope likishajaa humo. Mbele ililia kwa sauti kali. Nyuma, pale kwenye ndoano ya tela, ikajibu "pu". Kukwangua rangi, kumbe bati limechomelewa juu ya kutu. Mzee akakiri kwamba kwa miaka alirudisha gari kinyumenyume ziwani, kule Igombe, kuvuta mitumbwi. Wengi hudhani maji yasiyo na chumvi hayali chuma. Yanakula, ila taratibu.

Kisha tukapima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: injini ya moto, plagi zote nje, mimi napiga starta huku nimekanyaga mafuta mpaka chini. Silinda tatu zilitoa psi (kipimo cha mgandamizo) 130 na ushee, ya nne 95. Fundi akaidondoshea oili kidogo, akarudia: 97. Ingepanda sana, tungesema ringi za pistoni zimekwisha. Haikupanda, kwa hiyo alishuku valvu, milango ya hewa na moshi juu ya silinda. Nikashusha pumzi, maana valvu unafungua silinda hedi tu, kifuniko cha juu cha injini, pistoni huzigusi.

Mzee alitaka milioni 12. Nikatoa gharama ya chasisi na ya hedi, tukafika 9.

"Wewe umeinunua kwa nyundo," akalalamika, lakini soda alitununulia.

Namba ya chasisi ililingana na kadi, tukabadilisha umiliki TRA. Jioni ile nikabadilisha oili ya injini, giaboksi na difu, nikaandika kwenye daftari: 23,418. Leo mita inasoma 27,902, na ile silinda ya nne, baada ya kusagwa valvu, inatoa 128.